Kitabu cha Maktaba Kisikae Juu ya Kabati

Katika nyumba nyingi za watu wetu hapa Buffalo na jirani zetu wa Amherst, kitabu cha maktaba ya shule kikishaingia ndani hupandishwa juu ya kabati. Mama anahofia mtoto mdogo asije akakichana, baba anahofia kudaiwa, na yule aliyekiazima anaambiwa atakipata siku ya kukirudisha. Kitabu kinarudi shuleni kisafi kama kilivyokuja, hakuna aliyekifungua. Wiki inayofuata kinakuja kingine, nacho kinapanda juu. Ndugu walioko Columbus na Louisville wananiambia kwao ni hivyo hivyo.

Hofu hiyo naielewa ilikotoka. Wengi wetu tulisoma pale ambapo kitabu kimoja kilishikwa na watoto wanne au watano, na kukipoteza ilikuwa kesi ya kuitiwa mzazi. Waliokulia Nyarugusu, Nakivale, Kakuma au Dadaab wanajua kitabu kilivyokuwa adimu kambini. Kule Garissa, Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa la Kenya lilianza mwaka 1996 kuwapelekea watu vitabu kwa ngamia, kwa sababu gari lisingefika. Mtu aliyetoka huko akikabidhiwa kitabu cha jalada gumu chenye picha za rangi, si ajabu akakiweka mbali na mikono ya watoto. Lakini hapa tulipo, kitabu kile kimenunuliwa kikijulikana kwamba kitachoka. Mkutubi wa shule ya msingi hategemei kirudi kipya. Anategemea kirudi kimesomwa.

Ninachotaka kuwaambia wazazi wenzangu ni hiki: hata kama hujui Kiingereza, hata kama wewe mwenyewe hukupata nafasi ya kusoma, una sehemu kubwa katika kumfundisha mwanao kusoma, na sehemu hiyo inaanzia kwenye kitabu hicho kinachokuja kila wiki. Usiiache kwa mwalimu peke yake.

Tuanze na pesa, maana ndizo zinazopandisha vitabu kabatini. Maktaba ya umma ya Columbus iliacha kutoza faini za kuchelewa tarehe 1 Januari 2017, na maktaba nyingi za Marekani zimefuata njia hiyo. Linalodaiwa kwa kawaida ni kitabu kilichopotea kabisa au kilichoharibika kiasi cha kutosomeka. Kwenye maktaba za shule za msingi kanuni hutofautiana, lakini mahali pengi mtoto aliyechelewesha hatozwi chochote. Anazuiwa tu kuazima kingine mpaka kile cha kwanza kirudi. Hapo ndipo hasara ilipo. Kitabu kilichosahaulika nyuma ya kochi kinaweza kumnyima mtoto vitabu kwa miezi, na mara nyingi mzazi hana habari, kwa kuwa ile karatasi ya ukumbusho ilikuja kwa Kiingereza ikaishia begini. Kitabu kikipotea, mpelekee mkutubi taarifa mapema, hata kwa ujumbe mfupi uliotafsiriwa na simu. Eleza hali yako ya kifedha bila aibu. Shule nyingi zina namna ya kusamehe au kukubali kitabu kingine, ila haziwezi kumsaidia mzazi aliyenyamaza.

Kisha kitengee kitabu mahali pake. Pawe chini, mtoto msomaji apafikie mwenyewe, ila mbali na meza ya chakula na mbali na yule wa mwaka mmoja anayetafuna kila kitu. Kisanduku kando ya kitanda kinatosha. Kwa sisi tunaoishi kwenye theluji ya ziwa Erie, tia kitabu kwenye mfuko wa plastiki kabla hakijaingia begini, maana begi linalotupwa sakafuni karibu na mabuti ya theluji hulowa chini, na vitabu vingi huharibikia hapo. Na jua siku ya maktaba ya darasa la mwanao. Shule nyingi za msingi hupeleka kila darasa maktaba mara moja kwa wiki, siku ile ile. Iandike kwenye mlango wa friji.

Sasa tufike kwenye kusoma kwenyewe.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliandika jambo ambalo walimu wa kusoma wanalitegemea mpaka leo. Walisema kusoma kwa kuelewa ni zao la vitu viwili vinavyozidishwa: uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa, na uwezo wa kuielewa lugha inaposemwa. Kwa kuwa vinazidishwa, kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri. Mtoto anaweza kutamka kila neno la ukurasa asielewe lolote. Mwingine anaweza kuwa na akili pevu na maneno tele, ila herufi zikamshinda. Kile cha kwanza, kutambua maneno ya Kiingereza, ni kazi ya mwalimu, na mwachie. Kile cha pili kina upana zaidi ya Kiingereza. Mtoto anayejua kwamba hadithi ina mwanzo na tatizo na jinsi lilivyotatuliwa, anayeweza kubashiri litakalofuata, anayejua mto unatoka wapi na kwa nini mtu huficha siri, anaingia darasani na mtaji. Mtaji huo unaweza kuujenga kwa Kiswahili, au kwa Kibembe, Kifuliru, Kirundi, Kizigua, lugha yoyote unayoimudu hadi ndani. Mtoto akishaelewa wazo kwa lugha ya nyumbani, shuleni anabaki kujifunza jina la wazo hilo kwa Kiingereza tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kitabu cha picha alichokuja nacho, kaeni pamoja, mpitie kurasa zote bila kusoma neno hata moja. Mnaangalia picha. Muulize kwa Kiswahili: huyu nani, yuko wapi, mbona amenuna, unadhani ataenda wapi? Jibu lake lisahihishe kidogo sana, muache aseme. Mkifika mwisho, mwambie sasa akusimulie mwenyewe. Baada ya hapo ndipo asome kwa Kiingereza kwa sauti, nawe ukisikiliza. Atasoma vizuri zaidi, kwa kuwa anajua anakoelekea. Dakika 15 zinatosha. Baba anayefanya kazi ya usiku anaweza kuzipata asubuhi kabla ya basi la shule, na mama mwenye watoto wanne akawakusanya wote kwenye kitabu kimoja.

Zipo hadithi za picha tupu zisizo na maandishi, na hizo ni hazina kwetu. Kitabu cha Jerry Pinkney kuhusu simba na panya, *The Lion & the Mouse*, kilitoka mwaka 2009 na kikapata nishani ya Caldecott mwaka uliofuata. Kisa chenyewe ni cha zamani, lakini mchoraji amekiweka Serengeti. Mzazi kutoka Tanzania au Kenya anayekifungua anaijua ile nyasi, anaujua ule mgunga, na hakuna sentensi ya Kiingereza inayomzuia kusimulia. Mwambie mwanao amuulize mkutubi vitabu vya namna hii. Vilevile viko viwili vya Muriel Feelings, vilivyochorwa na Tom Feelings: *Moja Means One* cha 1971, kinachohesabu kwa Kiswahili, na *Jambo Means Hello* cha 1974, cha alfabeti. Vyote viwili vilitajwa kwenye heshima za Caldecott. Mtoto anayeona namba za nyumbani kwao zimechapwa kwenye kitabu cha shule hukaa tofauti kwenye kiti.

Ukitaka vitabu vya Kiswahili chenyewe, mradi wa African Storybook ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini unatoa hadithi fupi bure kwenye intaneti, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika, na unaruhusu kuzichapa. Zichape kwenye printa ya maktaba, uzibane kwa stepla, mtoto awe na rafu yake nyumbani.

Kuna mahali ambapo mzazi mwenye nia njema anaweza kumchanganya mtoto, nako ni kwenye sauti za herufi. Sisi tulifundishwa a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, na tangu siku hiyo kila neno la Kiswahili likatusomekea. Kiingereza hakina utaratibu huo. Irabu moja ya maandishi inabeba sauti kadhaa, na sauti nyingine sikio letu halizitenganishi: mtu aliyekulia Bukavu au Mombasa husikia *ship* na *sheep* kama neno moja. Ukimsahihisha mtoto kwa silabi za Kiswahili anapojaribu neno la Kiingereza, unampa kazi mara mbili. Lakini usiache kumfundisha kusoma Kiswahili. Kitenge wakati wake, kwa mfano Jumamosi, na umwambie wazi kwamba sasa tunasoma Kiswahili na herufi zinafuata sheria zake. Kuna msaada mmoja wa kweli unaovuka lugha zote mbili: ch na sh kwa kawaida hutamkwa sawa kwetu na kwao, na th ya thelathini ndiyo hiyo hiyo yao, ila wao huandika th hata pale ambapo sisi tungeandika dh. Mwonyeshe hayo, yatampa moyo.

Na kama mtoto anashindwa kusoma Kiingereza, jiulize kwanza kuhusu lugha ya nyumbani. Je, anaweza kukata neno mananasi katika silabi zake? Anasikia kwamba baba na bata yanaanza sawa? Alichelewa kuongea? Kama na huko anatatizika, mweleze mwalimu, kwa sababu mwalimu anaweza kudhani tatizo ni ugeni wa Kiingereza tu na akasubiri miaka. Kama kwa Kiswahili anasoma barabara, mweleze hilo pia. Mitihani ya kawaida ya shule haimpi mwalimu habari hizo, unazo wewe. Omba mkalimani wa shule, na usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri mazungumzo yanayomhusu. Shule za umma zinapokea fedha za serikali kuu, na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazikataza kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Haki ya mzazi kuelewa anachoambiwa imejengwa juu ya msingi huo.

Kwa wazazi wa Columbus jambo hili lina uzito wa pekee. Ohio ina sheria ya 2012 inayodai mtoto ajue kusoma kufikia mwisho wa darasa la tatu, la sivyo anaweza kurudia. Tangu 2023 mzazi, baada ya kushauriana na mwalimu wa kusoma na mwalimu mkuu, anaweza kuomba mwanawe apandishwe darasa, akiendelea kupewa msaada. Mzazi asiyefika kwenye mkutano hana nafasi ya kuomba.

Nimezungumza kuhusu kusoma. Maktaba inafundisha kitu kingine zaidi, nacho ni kutafuta. Mtoto anayejua kujitafutia kitabu hatamhitaji mtu wa kumchagulia, na hilo atalibeba mpaka chuo kikuu.

Utaratibu wa namba ulioko kwenye migongo ya vitabu ulibuniwa na Melvil Dewey, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maktaba ya chuo cha Amherst, na ukachapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876. Ile ni Amherst ya Massachusetts, si hii yetu ya kaunti ya Erie. Dewey aligawa maarifa yote katika mafungu kumi, kutoka 000 hadi 900, na kila fungu likagawika tena. Mtoto wa shule ya msingi hahitaji kuyakariri. Anahitaji kujua nyumba mbili tatu anazozipenda, na kutoka hapo atatembea mwenyewe. Mpenda mpira aende 796.334. Anayetaka dinosaria aende 567.9. Wanyama wanaonyonyesha wako 599. Na 398.2 ndiyo nyumba ya ngano za mataifa yote. Humo ndimo mtoto wetu atamkuta sungura mjanja na fisi mlafi, wale wale wa bibi yake. Namba hii ningependa kila mtoto wa Kiafrika aijue kwa moyo. Akisimama mbele ya rafu hiyo, kwa mara ya kwanza yeye ndiye anayejua zaidi darasani.

Vitabu vya hadithi za kubuni hupangwa kwa jina la ukoo la mwandishi, na hapa watoto wetu hujikwaa. Kwetu jina la ukoo lina desturi zake: wengine hulitanguliza, wengine hutumia jina la baba, wengine wana majina matatu yasiyo na la ukoo. Cheza naye nyumbani. Andika majina ya jamaa na majirani kwenye vipande vya karatasi, muamue pamoja lipi ni la mwisho, kisha ayapange kwa alfabeti. Akikuta wawili wanaoanza na M, atazame herufi ya pili. Huo mchezo ndio kazi yote ya rafu. Pale maktabani watoto hupewa rula au kibao cha kuchomeka mahali walipochomoa kitabu, ili wakikighairi wakirudishe hapo hapo. Kitabu kilichorudishwa pasipo pake ni sawa na kilichopotea, hata kama kimo chumbani.

Katika kuchagua, walimu wengi hutumia vidole vitano. Mtoto anafungua ukurasa wa katikati, anasoma, na kila neno asilolijua anakunja kidole. Akikunja vyote vitano, kitabu bado ni kigumu kusoma peke yake. Nakubaliana na kanuni hiyo kwa nusu tu. Kitabu kigumu chenye picha nzuri za nyota au za Congo kinafaa kuja nyumbani, kisomwe na kaka mkubwa au kitazamwe na baba. Mtoto anayeruhusiwa kuazima viwili achague kimoja cha kusoma mwenyewe na kingine cha kutamani. Wala usimkataze anayerudia kitabu kile kile wiki baada ya wiki. Kurudia ndiko kunakoulainisha ulimi.

Mtoto akifika darasa la nne na la tano, mfundishe kutazama mwaka wa kuchapwa, nyuma ya ukurasa wa jina. Hapa sisi tuna mifano ambayo wenyeji hawana. Kitabu cha jiografia kikiiita nchi ya wazazi wake Zaire, kimeandikwa kabla ya Mei 1997. Ramani isiyo na Sudan Kusini imechorwa kabla ya 2011. Kikisema mji mkuu wa Burundi ni Bujumbura bila maelezo mengine, kwa uwezekano mkubwa ni cha kabla ya 2019, mwaka ambao Gitega ilichukua nafasi hiyo. Mpe mtoto kazi ya kukagua hivyo vitabu kuhusu Afrika kwenye maktaba ya shule yake, kwenye 967, na akikuta kilichopitwa na wakati amwonyeshe mkutubi kwa adabu. Wakutubi hupenda kuambiwa. Naye anajifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui, kwamba kitabu pia huulizwa maswali, na kwamba aliye na habari za nyumbani anaweza kukisahihisha. Ukimaliza hapo, mwonyeshe yaliyomo mwanzoni na faharasa mwishoni, atafute neno moja bila kusoma kitabu kizima.

Ulizeni pia kama shule ya mwanenu ina mkutubi. Jimbo la New York linadai kila shule iwe na maktaba, ila sharti la kuajiri mkutubi mwenye cheti limewekwa kwa shule za sekondari. Shule ya msingi inaweza kuwa na chumba kizuri cha vitabu kisicho na mwalimu wa kukifundishia. Swali hilo likiulizwa na wazazi kumi kwenye kikao, linaandikwa kwenye kumbukumbu.

Likizo ikifika, mlango wa maktaba ya shule unafungwa na wa maktaba ya umma unabaki wazi. Amherst ina matawi manne, Audubon, Clearfield, Eggertsville-Snyder na Williamsville, yote yakiwa ndani ya mfumo wa Buffalo na kaunti ya Erie, kwa hiyo kitabu kilichoko tawi la mbali unaweza kukiagiza kikaletwa la karibu. Kadi ni bure kwa mkazi. Nenda na kitambulisho na karatasi inayoonyesha anwani yako, na uende na mtoto, akae mbele ya meza asikie jina lake likiandikwa.

Wapo wanaoona haya kuingia, wakidhani pale si pao. Haya hiyo ina historia. Huko Nairobi, maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa kwa miaka mingi ya Wazungu peke yao. Louisville, watu weusi walizuiwa maktaba za weupe, na mwaka 1905 likafunguliwa tawi la Western, maktaba ya umma ya kwanza Marekani kuhudumia watu weusi ikiendeshwa na watu weusi wenyewe, chini ya Thomas Fountain Blue. Jengo lake la 1908 bado linafanya kazi ya maktaba, na mama wa Kikongo anayeishi Louisville anaweza kuingia humo leo na watoto wake.

Ndugu mzazi, jioni ya leo muulize mwanao siku yake ya maktaba ni ipi na kitabu chake kiko wapi. Kisha mwambie akae karibu nawe akufungulie ukurasa wa kwanza.